Tairi haliyeyuki, hata ukiongeza moto: jibu kwa msomaji wa Ngamiani

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Ngamiani, Tanga. Mimi na wenzangu watano tuna kikundi, tunatengeneza pavingi za plastiki na mchanga. Tunayeyusha plastiki kwenye pipa, tunachanganya mchanga, tunashindilia kwenye kalibu. Siku hizi plastiki inagombaniwa na bei imepanda, lakini matairi mabovu yamejaa kila gereji na ukiomba unapewa bure. Tukaona tuyeyushe tairi badala ya plastiki. Tumejaribu mara mbili. Moshi mweusi ulitoka mpaka majirani wakaja juu. Vipande vya juu vilibaki vilevile, vimeungua pembeni tu, na chini ya pipa likaganda dude linalonata kama lami. Tulikosea wapi, moto ulikuwa mdogo au mwingi? Kuna bwana mmoja pia anatushawishi tununue mtambo wa kugeuza tairi kuwa dizeli, anasema mtaji unarudi ndani ya miezi sita. Na je, tukisaga tairi tukaweka kwenye zege, tofali linakuwa gumu zaidi?"

Marahaba, mdogo wangu. Kwanza nikuondolee lawama: moto haukuwa mdogo wala mwingi. Hakuna moto wa kuyeyusha tairi. Mngeweza kuongeza kuni mpaka pipa liwe jekundu, na bado mngepata moshi, dude na vipande. Ninachokisikia kwenye swali lako ni hofu ya kukosa malighafi, na hofu hiyo ni ya haki, maana kazi inalisha watu sita. Tairi linaweza kuwasaidia, ila si kwa njia ya pipa. Naomba jaribio la tatu lisifanyike, na sababu utaiona.

Plastiki unayoizoea ina tabia ya mafuta ya nazi. Asubuhi ya mwezi wa saba, kipupwe kikivuma, unayakuta yameganda kwenye chupa; ukiyaweka juani yanarudi kuwa maji, na kesho yake yanaganda tena. Unaweza kurudia mara nyingi. Mpira wa tairi una tabia ya andazi. Lilikuwa unga laini, ukalisukuma umbo ulilotaka, likaingia kwenye mafuta ya moto likawa andazi. Sasa ukilirudisha jikoni halirudi kuwa donge la unga. Linakauka, kisha linaungua.

Kwa nini iwe hivyo? Mpira mbichi, ule utomvu wa mti, ni nyuzi ndefu mno zilizolala ovyo pamoja, kama rundo la singa za mkonge kabla hazijasokotwa. Uzi mmoja ukiuvuta unateleza kati ya wenzake. Ndiyo maana mpira mbichi ukipata joto unanata na ukipata baridi unakakamaa. Mwaka 1839 huko Marekani, Charles Goodyear aligundua kwamba mpira ukichanganywa na salfa kisha ukapashwa moto unaacha tabia hiyo, na mwaka 1844 akapewa hataza ya ugunduzi huo. Salfa inapiga mafundo kati ya uzi na uzi. Lile rundo la singa linageuka wavu. Kuyeyuka maana yake ni nyuzi kuanza kuteleza, kila mmoja na njia yake. Wavu wa mvuvi wa pale Deep Sea ukiuweka kwenye maji ya moto nyuzi zake haziendi popote, mafundo yamezishika. Tairi zima ni kama wavu mmoja tu.

(Kwa watu wa Tanga mpira si mgeni. Mimi nimekulia Muheza, ambako Wajerumani walipanda mashamba ya mpira kabla bei haijaporomoka mwaka 1913. Mti wao ni ndugu wa mhogo, na majani yake ndiyo hiki kisamvu cha mpira tunachokitwangia nazi mpaka leo. Matairi ya dunia hutegemea zaidi mti mwingine, lakini ukikata tawi la huu wa kwetu utaona maziwa yaleyale.)

Basi lile dude lenu la chini ya pipa si mpira ulioyeyuka. Ni mpira uliokufa. Joto likizidi kiasi cha nyuzi joto 200 za Selsiasi na kuendelea, mafundo na nyuzi zenyewe vinaanza kukatika hovyo. Vipande vifupi vinageuka mafuta mazito yanayonata, vingine vinakuwa mvuke unaoshika moto, na masizi yaliyokuwa ndani ya mpira yanabaki yamechanganyika humo. Ukilishindilia kwenye kalibu halitakuwa na nguvu ya plastiki wala ya tairi. Na ule moshi uliowaudhi majirani una benzini, gesi ya salfa, na jamii ya kemikali za masizi zinazojulikana kusababisha saratani. Majirani walikuwa na haki ya kuja juu. Kama kuna mwenzenu ambaye tangu siku hizo anabanwa kifua au anakohoa, asingoje, aende hospitali na aseme wazi kwamba alivuta moshi wa tairi.

Jambo jingine linalosahaulika: tairi si mpira mtupu. La gari dogo lina mpira kama nusu ya uzito wake au pungufu kidogo. Takriban robo ni masizi maalumu yanayolipa weusi na ugumu wa kuhimili barabara. Kinachobaki ni waya, nyuzi za nailoni, mafuta, zinki na salfa. Plastiki ya dumu ni kitu kimoja. Tairi ni pilau.

Ndiyo maana nawaambia vijana wanaonijia: tairi usilitendee kama plastiki. Litendee kama ngozi, au kama mchanga. Kama ngozi maana yake unalikata na kulitumia kama lilivyo. Kama mchanga maana yake unalisaga, na chenga zake unazishikanisha kwa kitu kingine. Kadiri unavyolivunja zaidi ndivyo unavyolipa zaidi, kwa umeme, kwa mashine na kwa gundi, kwa hiyo anza na njia inayolivunja kidogo.

Nenda kakae nusu saa na fundi wa katambuga. Mtazame kisu chake: kila mara anakichovya kwenye kopo la maji, na wengine huweka sabuni kidogo. Kisu kikavu hung'ang'ania kwenye mpira, kikilowa kinapita. Halafu mwangalie anavyochagua. Hashiki kila tairi, anatafuta la nailoni, kwa sababu la waya lina mkanda wa chuma chini ya kashata, yaani ule uso unaogusa barabara, na kisu hakipiti. Wewe utalijua kwa kusoma ubavuni. Saizi ikiandikwa kwa kistari, mfano 7.50-16, ni la nailoni. Ikiandikwa kwa R, mfano 7.50R16 au 185/70R14, mara nyingi kuna waya chini ya kashata. Ukiwa na mashaka pitisha sumaku. Matairi ya bodaboda, yale ya 2.75-17 au 3.00-18, kwa kawaida ni ya nailoni, na waya wake uko kwenye ukingo unaokaa kwenye rimu. Ukikata kingo mbili umemaliza shughuli ya chuma. Kwa mji wenye pikipiki kama wetu, hiyo ndiyo hazina ya kwanza, si yale matairi makubwa ya malori yanayokutia tamaa.

Kwa kukata tu mnapata soli, bushi, washa, vizuizi vya ubavuni mwa boti, mikeka ya mlangoni ya vipande vilivyotungwa kwenye waya, na mipira ya kufungia mizigo kutoka kwenye tyubu. Haina mvuto kama kiwanda, najua. Lakini mtaji wake ni visu na mikono, na hakuna moshi.

Sasa njia ya mchanga, ambayo naona ndiyo itakayowafaa zaidi kwa sababu tayari mnayo nusu yake. Plastiki iendelee kuyeyuka kama mlivyozoea. Mpira usiyeyuke, uingie ukiwa chenga, uchukue nafasi ya sehemu ya mchanga. Plastiki ndiyo inayoshika, mpira unajaza na kulainisha. Hapa kuna mtego mmoja, na nakuomba uusome polepole. Chupa za maji ya kunywa ni plastiki ya PET, ambayo inayeyuka kwenye nyuzi 250 hivi. Joto hilo tayari linaua mpira, na mtarudi kwenye moshi uleule. Tumieni plastiki inayoyeyuka kwa joto dogo: madumu ya mafuta ya kula na ndoo nyingi hulegea kwenye nyuzi 130, mifuko laini kwenye 110 au zaidi kidogo. Zuieni mchanganyiko usizidi 180. Nunueni kipimajoto cha kuchomeka. Kukadiria kwa macho hakutoshi, maana moshi ukishauona umechelewa.

Anzeni na kidogo: chenga kilo moja katika kila kilo kumi za mchanganyiko mzima. Mkiweka nyingi pavingi inakuwa laini na inabanduka, kwa kuwa plastiki na mpira hazipendani sana. Tengenezeni tano za kujaribia, ziloweke siku mbili, ziangusheni kutoka kimo cha bega kwenye sakafu ya saruji, kisha moja muiache juani mchana kutwa na muweke juu yake mguu wa kiti alichokalia mtu. Inayobonyea hiyo haifai kwenye njia ya magari. Inaweza kufaa njia ya bustani. Semeni hivyo kwa mteja.

Chenga mtazitoa wapi? Msipoteze muda na mashine ya kusaga mahindi. Hindi hupasuka, mpira hubonyea, ukarudi, ukapasha mashine joto mpaka ukaanza kunuka. Mitambo ya kusaga tairi ina meno ya chuma kigumu, mota kubwa na sumaku ya kuvuta waya. Viwanda vikubwa vingine huugandisha mpira kwa naitrojeni ya maji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri, mpaka ukavunjika kama kioo. Hayo si yenu kwa sasa. Tafuteni wanaobandika matairi uso mpya. Kabla ya kubandika wao hunyoa uso wa zamani, na kinachodondoka ni vinyweleo safi vya mpira, havina waya wala nailoni. Kwa mtengeneza vigae hayo ni mchele uliopepetwa.

Ipo hatua ya juu zaidi: vigae vya mpira mtupu, vile laini vinavyowekwa kwenye viwanja vya watoto na vyumba vya mazoezi. Chenga za milimita 1 hadi 4 zinachanganywa na gundi ya poliyurethani, kama asilimia 8 hadi 10 ya uzito, mpaka kila chembe ing'ae, kisha zinashindiliwa kwenye kalibu iliyopakwa nta na kuachwa usiku kucha. Jeki ya lori na fremu ya chuma vinaweza kufanya kazi ya presi ya kuanzia. Gundi hiyo hukauka kwa kunyonya unyevu wa hewa, na hewa ya Tanga unaijua. Ukifungua pipa la gundi ukalifunika ovyo, kesho unakuta ganda gumu juu. Na chenga zikiwa na majimaji, gundi inatoa mapovu, kigae kinavimba kama mkate wa kumimina. Mimi nilipoteza vigae karibu arobaini masika moja kwa sababu niliziacha chenga kwenye magunia kibarazani. Kwa nje vilionekana vizuri. Nilipokunja kimoja kikakatika, ndani kilikuwa matundu matupu.

Fanya na hesabu kabla hujamuahidi mtu. Kigae cha sentimita 50 kwa 50, unene wa sentimita mbili na nusu, kinakula kama kilo 6. Tairi bovu la gari dogo lina uzito wa kilo 9 hivi, na ukitoa waya na nyuzi unabaki na chenga kama kilo 6. Yaani tairi moja, kigae kimoja. Uwanja wa chekechea wa mita za mraba 50 unataka vigae 200, matairi 200, na gundi kama kilo 100 hadi 120. Malighafi ya bure imeishia hapo. Gundi ndiyo itakayokuambia kama kuna faida. Pigia simu wauzaji wa gundi kwanza, wa matairi baadaye. Tena gundi hii ikiwa bado mbichi ina kemikali inayoweza kumpa mtu pumu ya kudumu, kwa hiyo kazi ifanyike penye upepo, kwa glavu na barakoa yenye kichujio cha mvuke, si kitambaa. Atakayeanza kukoroma kifuani baada ya kuchanganya atoke kwenye kazi hiyo na amwone daktari, hata kama usiku alipata nafuu.

Kuhusu usalama wa mpira wenyewe kwa watoto, sitaki kukutisha wala kukupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Wakala wa kemikali wa Ulaya ulichunguza viwanja vyenye chenga za tairi na mwaka 2017 ukasema wasiwasi wa kiafya kwa wachezaji ni mdogo sana. Hata hivyo Ulaya imebana kiwango cha kemikali za masizi kwenye chenga hizo, na imeamua kuacha kuuza chenga za kumwaga viwanjani kuanzia mwaka 2031, hasa kwa sababu zinasambaa na kuingia kwenye mito na bahari. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba kemikali moja inayotokana na matairi inaua samaki wa jamii ya samoni kwenye vijito baada ya mvua. Kwangu mimi maana yake ni hii: kigae kilichoshikana vizuri nakikubali, chenga za kumwaga, karibu na bahari na mikoko yetu, sizikubali. Na kigae cheusi kwenye jua la saa saba kinaunguza nyayo. Kiwekwe kivulini. Mpira wa tairi usiguse maji ya kunywa wala chakula, hata cha mifugo.

Zege ni fupi. Hapana, halitakuwa gumu zaidi. Chembe ya mpira ndani ya zege ni kama tundu lililojazwa kitu laini, na saruji haiishiki vizuri. Nguvu ya kubeba inashuka. Faida yake ni wepesi na kuhimili mtikisiko. Mnaweza kuijaribu kwenye kijia cha miguu, lakini isikaribie nguzo, lenta wala msingi wa nyumba ya mtu.

Na huyo bwana wa dizeli. Kitu anachokisema kipo. Ukipasha tairi joto la nyuzi 400 hadi 600 ndani ya chombo kisichoingiza hewa, linavunjika kuwa gesi, mafuta, makaa meusi na waya. Uongo uko kwenye neno dizeli. Mafuta hayo yana salfa inayokaribia asilimia moja, yaani kama sehemu 10,000 kwa milioni, wakati viwango vya Afrika Mashariki vinataka dizeli isizidi 50. Pia yana sehemu nyepesi zinazodaka moto upesi kuliko dizeli, kwa hiyo hata kuyahifadhi ni hatari. Na chombo chenyewe ni jungu la gesi ya moto: valvu ikiziba linalipuka, hewa ikiingia linalipuka. Kazi hiyo ina wahandisi wake, vibali vyake na eneo lake mbali na makazi. Kikundi cha watu sita Ngamiani kisiiguse. Ukitaka kumpima, muombe akupeleke kwenye mtambo wake mmoja unaofanya kazi, na akuonyeshe cheti cha tathmini ya mazingira pamoja na jina la anayenunua hayo mafuta. Utaona kama simu itapokelewa tena.

Lipo jambo hukuliuliza. Mmeshaanza kurundika matairi? Tairi lililoachwa nje linashika maji hata ukilisimamisha, na mbu wa dengi anapenda kutaga humo. Dengi iliyoingia mwaka 2019 haikuishia Dar es Salaam, na Tanga ilitupata. Yakateni siku mnayoyaleta, au yawe chini ya paa. Na rundo lisizidi mnaloweza kulifikia kwa maji, maana tairi likishika moto kulizima ni kazi ya siku.

Kabla ya kununua mashine yoyote, pita ofisi ya SIDO, shirika la viwanda vidogo, hapo mjini na sampuli mkononi, si na wazo tu. Wamezoea vikundi vya kuanzia na watakuelekeza karakana ya kukuchongea kalibu na fremu. Muone afisa mazingira wa Jiji, na kupitia yeye mjue NEMC, chombo cha taifa cha kusimamia mazingira, wanataka kibali gani kwa anayekusanya matairi chakavu, kwa sababu mkianza kujulikana ndipo mtaulizwa. TBS, shirika la viwango, ni pale mtakapotaka kuuza kwenye shule au taasisi.

Lile pipa sasa. Msilioshe kwa maji mkamwaga mtaroni, na msijaribu kulichoma ili lisafike. Likishapoa kabisa, lisugueni kwa chuma, lile dude muweke kwenye ndoo yenye kifuniko, mahali pakavu, mpaka afisa mazingira awaambie pa kulipeleka. Pipa lenyewe litobolewe chini, mtu asije akalichukua usiku akaenda kuwekea maji.